Mwaka Niliofunga Siku ya Idi

Siku ya tatu ya matanga ya shangazi yangu, Bi Mwamvua, wali ulipokwisha na watu wakabaki wanachokoa meno, kijana mmoja wa jirani aliniuliza mbele ya wote kama ni kweli mimi ndiye yule binti aliyefunga siku ya Idi. Ukumbi mzima ukacheka. Walicheka kwa mapenzi, najua. Rumonge, mji wetu wa kando ya ziwa, ina watu wengi wa kusimulia na mambo machache ya kusimuliwa, kwa hiyo hadithi yangu wameitunza kama sufuria ya mkopo: kila nyumba imepikia humo chake. Katika hadithi yao mimi ni msichana mwenye wasiwasi aliyetazama nyota mpaka akili ikamruka, akakataa pilau wakati mji mzima unakula. Nilitabasamu kwa heshima ya marehemu. Lakini nilipofika nyumbani nikatafuta kalamu kabla ya kuvua kanga ya msiba. Basi nimekaa kuandika. Katika kurasa hizi siombi radhi, wala sitafuti mtu wa kuniomba. Nataka hadithi hii isimuliwe, walau mara moja, na mtu aliyekuwepo ufukweni mpaka mwisho, maana wenzangu wote jioni ile waliondoka mapema.

Ilikuwa wakati wa Wadachi, yaani Wajerumani, kabla kidogo ya vita vyao na Wabelgiji. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita hivi, na nilikaa kwa shangazi. Jinsi nilivyofika kwake ni habari nyingine. Nitaeleza chumba tu. Kilikuwa stoo kabla hakijawa chumba changu, na hakikuacha kuwa stoo kwa sababu yangu: mitungi ya mawese ukutani, chumvi ya Uvinza kwenye kikapu kilichoning'inizwa juu kwa ajili ya unyevu, na magunia ya ndagala wakavu, dagaa wa ziwa letu, ambao harufu yao iliingia kwenye nywele na haikutoka hata kwa karafuu. Kulikuwa na kidirisha kimoja, kidogo kama mlango wa kuku, kikitazama mashariki, kwenye milima. Watu wengine wa mji walitaka madirisha yanayotazama ziwa. Mimi nilipewa kilichobaki, na kilichobaki ndicho kilichonilea.

Lazima niseme wazi nilivyokuwa, kwa sababu bila hilo mengine hayaeleweki. Nilikuwa mgonjwa wa wasiwasi. Nikichukua udhu nilihisi kiwiko hakikupata maji, nikarudia. Nikirudia nilihisi nimesahau kisigino, nikaanza upya. Nilishona kofia za kuuza, na kofia ambayo mwenzangu aliimaliza kwa wiki mimi niliifumua na kuishona tena mpaka kitambaa kikachoka. Nilifagia uwanja, kisha nikafagia alama za ufagio. Shangazi aliniambia, "Weye mutoto, siku moja maji ya ziwa itakwisha, na watu batajua ni nani aliyeimaliza." Alisema akicheka, lakini nilimsikia siku nyingine akimnong'oneza jirani jikoni: "Ninamuogopea. Mume gani atakaa na mwanamke anayeosha sahani safi?" Nilikuwa nyuma ya ukuta wa matete na sahani safi mkononi. Niliirudisha kwenye maji, nikaiosha tena.

Nyota zilianza kwa sababu ya wasiwasi huo huo. Niliogopa alfajiri isije ikanitangulia. Adhana ya msikiti wetu ilitegemea usingizi wa mwadhini, na mimi sikuweza kuweka sala yangu juu ya usingizi wa mtu. Kwa hiyo nilikuwa naamka kabla ya wakati, natoa kichwa kidirishani, natazama kama weupe wa milimani ni ule wa uongo, unaosimama kama mkia wa mbwa mwitu, au ule wa kweli unaolala upana. Wakati nikisubiri, sikuwa na kitu kingine cha kutazama ila nyota. Asubuhi ya kwanza zilikuwa vumbi tu. Baada ya siku kadhaa nikagundua kwamba ile kubwa iliyokuwa juu ya mgazi mrefu, ule mti wa mawese, bado ilikuwa juu ya mgazi, ila imepanda kidogo. Baada ya siku nyingine ikawa imepanda tena kwa kiasi kile kile. Siwezi kumweleza mtu mwenye afya jinsi jambo hilo lilivyonituliza. Hapa kulikuwa na kazi iliyofanywa sawasawa, kila siku, bila mimi kuigusa. Hakuna aliyenitaka niifumue.

Sikuwa na mwalimu wa mambo hayo. Sikujua kwamba zina majina vitabuni, kwa hiyo nikazipa majina ya vitu nilivyovishika kila siku. Ile safu yenye mpini uliopinda, inayoonekana chini upande wa kaskazini wakati wa mvua za mwisho, niliiita Mwiko. Nyota tatu zilizojipanga karibu karibu niliziita Mshono, na ndiyo mshono pekee maishani mwangu ambao sijatamani kuufumua. Nge alijulikana kwa kila mtu, huwezi kumpa Nge jina lingine. Shangazi alijua jina moja tu, Kilimia, kile kichala cha nyota ndogo zilizobanana, na alijua msemo wake alioupata kwa wapagazi wa pwani: kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Alikuwa akiusema kama watu wanavyosema misemo, bila kutazama juu. Mimi nilikwenda kutazama. Mwisho wa mvua nilikiona Kilimia kikishuka kila jioni upande wa Ubwari, ng'ambo ya ziwa, mpaka mwanga wa machweo ukakimeza. Nikasubiri. Masika yakakatika, vumbi likaanza, na alfajiri moja, juu ya milima ya upande wetu, kikatoka, kidogo na chenye ukungu. Nilipiga kelele peke yangu stooni. Shangazi akaja mbio na mwiko mkononi akidhani ni nyoka. "Kimezuka kwa jua!" nikamwambia. Akashusha mwiko. "Zena," akasema, "nyota haina uji ya kukupa. Njoo utwange."

Majirani walianza kusema. Binti anayetazama nyota anapiga ramli, na binti wa ramli huishia kuwaambia wanawake waume zao wamelala wapi. Mwanamke mmoja aliyekuja kununua chumvi alinionyesha kiganja chake, nusu kwa mzaha. "Nitazamie, nitapata mutoto wa kiume?" Nikamjibu kwamba najua tu kama mvua imekwisha. "Hiyo hata mbuzi wangu anajua," akasema, na uwanja ukacheka. Niliona aibu, ila kesho yake niliamka tena. Hapo ndipo, nadhani, ubishi wangu ulipoota. Mwaka mzima watu walikuwa wakinirekebisha kwa mambo ambayo mimi mwenyewe niliyatilia shaka. Sasa walinicheka kwa jambo ambalo sikuwa na shaka nalo hata kidogo. Vicheko hivyo viwili havifanani, na mwili unaijua tofauti yake.

Kutoka nyota nilihamia kwenye mwezi. Mwezi ni wa kila mtu: wavuvi wa ndagala huingia ziwani na mienge ya matete wakati wa giza tu, kwa sababu mwezi ukiwaka samaki hawafuati moto. Lakini wavuvi waliutaka mwezi usiwepo, basi. Mimi nilitaka kujua unakwenda wapi. Nikauona unavyokonda alfajiri juu ya milima, kila siku ukishuka kuelekea mahali jua linapotokea, mpaka unakuwa kama ukucha, kisha hauonekani kabisa. Halafu unazaliwa upande wa pili, jioni, juu ya Ubwari, umelala chali kama mtumbwi mtupu. Nikafuata hivyo mwezi baada ya mwezi, na kila mara nikakuta sheria ile ile: hauzaliwi siku uliyoonekana ukifa. Ukionekana alfajiri upande wa milima, jioni ya siku hiyo usipoteze macho yako upande wa ziwa. Lazima ulale kwanza. Sikuambiwa na mtu. Niliikuta mwenyewe, kama mtu anavyokuta ngazi gizani kwa mguu.

Mwaka huo huo kulikuwa na ahadi iliyonifanya nitembee nimenyooka. Mwalimu Yahaya, aliyefundisha watoto Kurani karibu na msikiti, alikuwa amegundua kwamba nimejifunza kusoma kwa kusikiliza nyuma ya mkeka uliowatenga wavulana. Siku moja aliuinua ule mkeka, akanikuta nimekaa na kofia ninayoshona, akaniambia nisome. Nikasoma. Aliniachia aya baada ya aya, akingoja nikosee, na sikukosea, kwa sababu nilikuwa nimezirudia kila usiku kwa hofu. "Ramadhani ikiisha," akasema, "utawashika mabinti wadogo, uwasomeshe. Mimi sina subira nao." Katika mji wetu hakukuwa na msichana aliyepewa kazi hiyo. Shangazi alisema si kitu, kisha akanikatia kanga mpya. Nilikuwa naamka usiku nikihofia kwamba Mwalimu amebadili mawazo.

Ramadhani ikaingia katikati ya kiangazi. Ziwa lilikuwa limefunikwa na vumbi na moshi, milima ya Ubwari haionekani mchana, na jioni ilionekana tu kwa moto: ng'ambo kule walikuwa wanachoma majani ya mashamba, na kila jioni mistari myekundu ilitambaa juu ya migongo ya vilima. Mwezi wa kuanzia kufunga hakuna aliyeuona kwetu. Wasafiri wa mtumbwi waliotoka kusini walisema Ujiji wameuona, tukafunga. Mimi nilidhani tumetangulia siku moja, lakini sikusema. Kufunga siku ya ziada hakujawahi kumwua mtu, na bado nilikuwa najitilia shaka kwa sauti ya chini.

Siku ya ishirini na tisa, baada ya daku, nilitoka kuelekea ufukweni, kwa sababu kutoka kule pengo la milima, ambamo jua hutokea, linaonekana vizuri kuliko kidirishani. Mwanga ulikuwa umeshaanza. Na pale pengoni, chini kabisa, mwembamba kiasi kwamba ilibidi niupoteze na kuupata tena, mwezi wa zamani ulikuwa bado hai. Bukuru, mvuvi aliyetuletea ndagala, alikuwa anapanda kutoka mtumbwini na wavu begani.

"Amahoro, mwana wa Mwamvua," akanisalimu.

"Amahoro. Bukuru, unauona?"

Akageuka, akakunja macho. "Ego, ndiyo. Iko pale. Bado haijalala hiyo." Akaenda zake.

Basi jioni ile nilikwenda ufukweni na mji mzima nikijua kwamba tumekwenda kutazama bure. Watu walikuwa wengi, wachovu, midomo mikavu, watoto juu ya mabega. Kila mtu alitaka Idi iwe kesho. Jua lilizama jekundu ndani ya moshi, na muda mfupi baadaye Mzee Ramazani, fundi wa mitumbwi, mtu ambaye macho yake yalisifiwa kuanzia Kigwena mpaka Gitaza, alinyoosha mkono wake mrefu. "Ile pale! Iko ile pale, juu ya mlima!" Kulikuwa na mstari mwekundu, mwembamba, uliopinda kama mtumbwi. "Naiona!" akasema mwingine. "Naiona na mimi! Alhamdulillahi!" Wanawake wakapiga vigelegele, ngoma ikalia, na kabla sijafungua mdomo ufuko ulikuwa unakimbia kurudi mjini, kwenda kuchinja, kuloweka mchele, kuwachana watoto nywele. Nilibaki peke yangu. Mwezi unaozaliwa huzama haraka nyuma ya jua. Huu haukuzama. Ulikaa pale pale, ukarefuka, ukaingia rangi ya makaa, kisha ukakatika katikati, na kipande kimoja kikaanza kuteremka bondeni. Mji wetu ulikuwa umefuturu mwezi wake kwa moto wa shamba la mtu wa Ubwari.

Nilimkuta shangazi jikoni na wanawake wengine, kitunguu kinakaangwa, mikono inapita juu ya mikono. Nikasema. Sikusema vizuri, nilisema kama mtu anayetapika. "Ule si mwezi. Ule ni moto. Nimeuona ukikatika vipande viwili. Na mwezi wa zamani tumeuona leo alfajiri."

"Zena," shangazi akasema bila kuinua kichwa, "leo usinianzishie."

"Banasema wasiwasi haina sikukuu," mwanamke mmoja akadakia. "Umeosha viwiko yako, sasa unataka kuosha na mwezi?"

Walicheka mpaka mmoja akashika meza. Lakini shangazi hakucheka, na nadhani kwa sababu hiyo alimtuma mtu kumwita Mwalimu Yahaya. Alikuja na Mzee Ramazani, wakasimama mlangoni kwa sababu jiko lilikuwa la wanawake. Mwalimu alinisikiliza. Namtendea haki: alinisikiliza mpaka mwisho. "Alfajiri uliuona na nani?" akauliza. Nikamtaja Bukuru. Bukuru akaitwa, akaja akifuta mikono, akanitazama, akamtazama Mzee Ramazani, ambaye ndiye aliyemchongea mtumbwi na ndiye aliyeuziba kila ulipopasuka.

"Mwalimu," akasema, "mimi ni mtu wa usiku. Alfajiri macho yangu yanakuwa yameshalala."

"Umesikia," Mzee Ramazani akaniambia, kwa upole ulioniumiza kuliko tusi. "Binti yangu, mimi natazama mwezi tangu mama yako hajazaliwa. Weye iko na macho ya sindano. Macho ya mwezi ni mengine."

Mwalimu akasema kwamba watu wazima wameshuhudia, mji umekubali, na kufunga siku ya Idi ni haramu. Nilale, kesho nile na wenzangu. Nilirudi stooni. Na hapa ndipo nitakapoungama kitu ambacho mji haukijui katika hadithi yake. Usiku ule nilitamani kukosea. Nilikaa juu ya gunia nikajaribu kuitilia shaka ile alfajiri kwa nguvu zangu zote, kama nilivyotilia shaka kiwiko, kisigino, mshono, sahani. Mimi ambaye shaka ilikuja kwangu bila kuitwa, sasa niliiita kwa jina na haikuja. Nilikuwa nimeuona. Pengo la milima lilikuwa lile lile, na mwezi ulikuwa ndani yake. Niliogopa sana, na chini ya hofu ile nikakuta sakafu, ya kwanza niliyowahi kuikanyaga.

Kulipokucha sikula. Mji ulinukia samli na bizari, nguo mpya zilipita dirishani, na mimi nilifagia uwanja mara moja tu, nikarudi stooni nikakaa. Habari ilifika kila nyumba kabla ya sala kwisha. Watoto walikuja kusimama kwenye ua wakiimba, "Zena wa nyota, Idi imekupita, kula ndagala na magunia!" Wanawake walikuja kunishauri, kisha kunitazama, kisha kuwaleta wengine wanitazame. Adhuhuri ilipokaribia shangazi aliingia na sahani ndogo, na juu yake tende moja. Tende kwetu zilitoka mbali, pwani mpaka Ujiji, Ujiji mpaka kwetu, na mtu alizihifadhi kama dawa.

"Imetoka kwa Mwalimu," akasema. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Anasema kula hii moja, hapa mbele ya hawa mama, basi. Hakuna atakayeuliza jambo lingine. Juma lijalo utawashika mabinti."

"Na nisipokula?"

"Anasema mwalimu asiyefuata watu atawafundisha watoto kutofuata watu." Akainama karibu. "Zena. Tende moja. Mungu anajua tumbo yako."

Wanawake wote walikuwa wanatutazama. Nikaichukua ile tende. Nilikuwa nimewaona wale mabinti kichwani mwangu kila usiku wa mwezi ule, wameketi mkekani, na mimi nikiwasahihisha kwa upole ambao hakuna aliyenisahihisha nao. Niliwaona mara ya mwisho. Kisha nikaifunga tende kwenye pindo la kanga mpya, nikakaza fundo. "Mwambie Mwalimu nashukuru," nikasema. "Nitaila jioni." Mmoja akasonya. Mwingine akasema, "Huyu ameshaharibika," na wakatoka mmoja mmoja kama watu wanaotoka kwa mgonjwa.

Jioni nilikwenda ufukweni, na nusu ya mji ikanifuata, imeshiba, imevaa vizuri, ina furaha ya watu wanaokwenda kuona kichekesho bure. Bukuru alikuwepo, nyuma kabisa. Mzee Ramazani alisimama mbele na kanzu yake nyeupe. "Leo mwezi wa usiku wa pili," akawaeleza vijana, "utakuwa juu, na upana kama hivi," akaonyesha kwa vidole. Jua likazama. Upepo wa kusini ulikuwa umesogeza moshi, na mgongo wa Ubwari ulionekana mweusi na safi. Juu, mahali alipoonyesha, hakukuwa na kitu. Watu walitafuta juu zaidi. Mimi nilitazama chini, karibu na mlima, mahali jua lilipoingilia, na ulikuwa pale: mwembamba kama uzi uliotolewa kwenye kitambaa, umelala chali, mwezi wa usiku wa kwanza kama kila mwezi wa usiku wa kwanza niliowahi kuuona. Sikunyoosha mkono. Sikutaka mtu yeyote aseme nimemwonyesha. Nilisubiri, na kimya kikaja chenyewe, kikianzia kwa wenye macho mazuri na kuenea mpaka kwa watoto. Mwezi ukakaa kidogo, ukashuka, ukazama nyuma ya mlima kama inavyopasa.

Nikafungua fundo la kanga, nikala tende yangu. Ilikuwa tamu mno, na ngumu kidogo. Katika kimya kile nadhani walinisikia nikitafuna. "Idi njema," nikawaambia.

"Mwaka huu mwezi wa pili umekonda," mtu mmoja akasema hatimaye, na hapo wote wakapata la kusema, wakaanza kuondoka wakizungumzia vumbi. Mzee Ramazani aliondoka bila kugeuka. Shangazi peke yake alibaki. Alikuwa amekula pilau tangu asubuhi na mikono yake ilinukia bizari. Alitazama mlima mweusi, akanitazama, akasema, "Nyumbani iko futari. Nilikuwekea." Kisha akanishika mkono mbele ya watu wote, tukapanda njia.

Mabinti hawakuja kwangu. Mwalimu Yahaya aliwapa mwanamke mwingine, mtu mwema aliyekuwa akisoma kwa kubahatisha. Sikwenda kumwomba, na yeye hakuniita. Hadithi ya matangani inaishia hapo, na ndiyo sababu inachekesha. Lakini mimi niliishi pia majuma yaliyofuata, na nilikuwa na macho.

Siku chache baada ya Idi niliona midomo ya shangazi imekauka mchana. Nikampa uji, akasema hana njaa. Wanawake tuna siku zetu za kulipa baada ya Ramadhani na hakuna anayeuliza, kwa hiyo nilinyamaza. Kisha nikaona kwa jirani jiko halikuwashwa mchana. Kesho yake, kwa jirani mwingine. Yule aliyeniambia nioshe mwezi alikuja kununua chumvi, akakataa maji ya kunywa, akageuza uso. Wanawake walikuwa na pa kujificha; wanaume ndio walioadhirika. Mwanamume hana siku ya kulipa ila kama aliugua au alisafiri, na Rumonge nzima hakuna aliyekuwa amesafiri. Basi mji ukaugua matumbo. Mwuza nguo alishikwa na tumbo. Mwadhini alishikwa na tumbo. Kila mmoja alishikwa siku yake, peke yake, kuanzia alfajiri mpaka magharibi, na kupona ghafla jua lilipozama, na kila mmoja alidhani yeye tu ndiye mgonjwa. Mwalimu Yahaya alifundisha siku nzima bila kugusa kahawa yake. Nilikuwa napita na kofia zangu. Niliona kikombe kikipoa.

Siku nyingine shangazi alinituma kwa Mzee Ramazani kupeleka mawese. Nilimkuta chini ya kivuli cha mtumbwi aliokuwa anauchonga, jasho linamtiririka, na mkewe amesimama na ugali uliofunikwa. "Kula, mume wangu, kazi ni nzito." Alipotikisa kichwa aliniona. Tulitazamana. Midomo yake ilikuwa nyeupe.

"Tumbo," akasema.

"Pole, mzee," nikasema. Nikaweka chupa ya mawese chini, nikaondoka. Nilingoja nifike nyuma ya nyumba ndipo nikacheka, na nikiwa nacheka nikaona pia ninalia.

Hakuna aliyewahi kuniambia nilikuwa sahihi. Nimezeeka bila kuambiwa, na sasa na shangazi, aliyekuwa karibu zaidi na kuniambia, amezikwa. Nilikuja kuwa na mabinti wangu, ukumbini kwangu mwenyewe, waliotumwa na mama ambao hawakutaka Mwalimu ajue. Niliwafundisha kusoma, na walipomaliza kusoma niliwatoa nje na kuwaonyesha Mwiko na Mshono, na nikawaambia wazipe majina mengine kama haya hayawafai. Wasiwasi haukunitoka. Bado naosha sahani safi. Lakini kuna sakafu chini yake, na najua iko wapi.

Leo alfajiri, baada ya matanga na vicheko vyao, nilishuka ufukweni. Mwezi ulikuwa pengoni mwa milima, mwembamba, unakaribia kufa. Niliutazama mara moja tu, nikarudi nyumbani.